Pikapu ya Mama Kwenye Njia ya Mkwe

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya petroli iliyochanganyika na kakao inayochacha. Nyumbani kwetu Makwale kakao ilifunikwa kwa majani ya migomba ndani ya makasha nyuma ya jiko, na hatua chache kutoka hapo ilisimama pikapu ya mama, boneti wazi, mama mwenyewe ameinama ndani yake mpaka kiunoni. Nilikuwa na miaka tisa, na mwaka huo mvua zilinyesha kana kwamba ziwa limehamia juu. Wapo wanaonusa maandazi wakawakumbuka mama zao. Mimi nikipita kituo cha mafuta hupunguza mwendo, nikashusha kioo na kuvuta pumzi, na anayenishangaa na anishangae.

Ilikuwa pikapu ya Kijapani, zamani nyeupe, na umri wake uliipita ndoa ya wazazi wangu. Ilikuwa imemfia mfanyabiashara mmoja pale Kasumulu, karibu na mpaka, akakaa nayo wiki mbili bila kupata wa kumwokoa. Mama alikwenda huko kununua vitambaa, akaiona, akaomba afungue boneti. Kesho yake alimswaga ng'ombe jike aliyemrithi kwa baba yake mzazi, akatembea naye mpaka Kasumulu, wakabadilishana. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Mwanamke ametoa ng'ombe anayezaa na kukamuliwa, ameleta mkweche unaovutwa na ng'ombe wa watu! Na kweli ndivyo ulivyofika, umefungwa kamba nyuma ya maksai wawili wa kuazima. Mama alikaa kwenye usukani, ameinua kidevu, anawapungia mkono wanaocheka.

Alikuwa fundi cherehani. Tangu usichana alikuwa akifungua na kufunga cherehani, na injini aliiona ni cherehani kubwa inayokunywa mafuta. Kabureta aliiosha kwenye sufuria ambayo bibi yangu alikataa kuitumia tena kupikia. Plagi alizisugua kwa msasa, gasketi alizikata kutoka kwenye maboksi magumu, na tangi la mafuta lilipovuja aliziba tundu kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Udereva alifundishwa na dereva wa lori la mpunga kwenye uwanja wa shule, kisha akaenda mjini kutafuta leseni. Baada ya miezi mitatu alikuwa akibeba mpunga na kakao za wanawake wenzake, na vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ufukweni mwa ziwa. Lakini nisidanganye kwamba ilikuwa kazi tu. Aliipenda pikapu ile. Jioni akishamaliza kushona aliifungua hata ikiwa haina ugonjwa, akaisikiliza, akacheka peke yake.

Hapa inabidi nieleze habari za mkwe. Kwa Wanyakyusa wa kizazi cha mama, na kwa wengine hata leo, mke hamtazami baba wa mumewe. Hakai naye, hazungumzi naye, hatamki jina lake. Akimwona anakuja njiani anaiacha njia, anaingia shambani na kujifunika mpaka mzee apite. Kwa Kinyakyusa ni kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Babu yangu mzaa baba aliishi ng'ambo ya barabara, mashamba mawili kutoka kwetu, na katika miaka kumi na mbili ya ndoa mama hakuwa amewahi kuuona uso wake. Habari zao zilipita kwangu. Mama aliniuliza kama mgongo wa babu umepoa, na babu aliniuliza kama yule mama yako bado anakohoa.

Mila hiyo ilipangwa kwa watu wanaotembea kwa miguu, wala hakuna mzee aliyewahi kukaa akafikiria usukani. Asubuhi moja tulikuwa tunatoka ufukweni tumejaza vyungu, barabara nyembamba, majaruba ya mpunga yamefurika kulia na kushoto. Kwenye kona ya shamba la babu, ghafla, babu huyu hapa, na mwavuli wake na jembe begani. Mama akafanya alichofanya siku zote. Aliachia usukani, akashika kitenge kwa mikono yote miwili, akajifunika kichwa. Alikuwa mkwe mwema kabisa, ila pikapu haikuwa na habari. Ilinyoosha moja kwa moja, ikaacha barabara, ikatumbukia jarubani mpaka matopeni, na nyuma yetu vyungu vikalia kwa pamoja.

Babu alikuwa ameruka upande wa pili, katikati ya mikakao. Kuja kutuokoa hakuweza, maana kuja kungekuwa kumwona mama. Alisimama huko ametupa mgongo, akapaza sauti.

"Mjukuu wangu! Mmeumia?"

"Hatujaumia, babu!"

"Na huyo?"

Mama akatikisa kichwa chini ya kitenge, nami nikajibu, "Hajaumia, babu! Vyungu ndivyo vimevunjika!"

"Ndaga, Mungu," akashukuru babu, akaenda kuita watu.

Kwa mama hiyo ilikuwa ajali. Kwa baba mdogo Asajile, mdogo wake baba, ilikuwa nafasi. Yeye hakuwahi kushika spana maishani, lakini tangu pikapu ianze kuunguruma macho yake hayakubanduka kwayo. Aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwetu, Jumapili baada ya ibada, akitangaza kila mahali kwamba mwanamke anayeendesha gari kwenye njia ya mkwe wake ameuvua ukoo nguo. Mama alirudi kwenye pikapu yake. Siku tano alikuwa na ndoo na spana. Alitoa matope, akamwaga oili iliyoingia maji, akakausha plagi kwenye jiwe la jiko. Jumamosi jioni akapiga stata. Bomba la moshi lilikuwa limekatikia jarubani, kwa hiyo injini iliwaka kwa kishindo kilichosikika mpaka kanisani. Mimi niliruka kwa furaha, na moyoni niliapa kwamba atakayeichukua pikapu ile atanichukua na mimi nikimng'ata mkono.

Kikao kilikaa sebuleni. Babu alikuwamo, kwa hiyo mama, aliyekuwa anahukumiwa, hakuweza kuingia. Alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye kibao, na baba ndiye aliyebeba maneno. Baba yangu alikuwa karani, mtu mpole, aliyetoka jasho hata akiulizwa saa. Nilimfuata nyuma, huku na huku.

"Mwambie mkeo achague," alisema baba mdogo. "Gari au heshima. Akishindwa, nipeni funguo, nitaliendesha mimi."

Baba alizunguka jiko, akamweleza mama. Mama alikuwa anajifuta grisi kwa kanga kuukuu.

"Waambie sichagui," alisema. "Heshima ninayo na gari ninalo. Nimeingia matopeni kwa sababu ya heshima, wanataka niingie wapi tena? Na ng'ombe alikuwa wa baba yangu, si wa ukoo huu."

Baba akamwuliza, "Niseme hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Usipunguze."

Alipunguza. Aliwaambia mkewe anaomba afikiriwe. Hasira ikanipanda, nikasahau kwamba mtoto hasemi kwenye kikao. "Amesema hachagui!" nikapaza sauti. "Na ng'ombe alikuwa wa baba yake!"

Baba mdogo alisimama anichape, babu akamwashiria akae. Kisha babu akamwuliza baba, taratibu, "Jana jioni nilisikia ngurumo. Ni hilo gari?"

"Ndilo, baba. Bomba la moshi limekatika. Atalitengeneza."

"Asilitengeneze."

Wote walimgeukia.

"Likinguruma hivyo nitalisikia kabla halijafika kona," alisema babu. "Mimi ndiye nitakayeacha njia. Yeye ashike usukani, na aushike kwa mikono yote miwili."

"Wewe, baba, uingie shambani kumkimbia mwanamke?" aliuliza baba mdogo.

"Mikakao ni yangu. Nani atanitoa?"

Nilikimbia nyuma ya jiko kumweleza mama, lakini alikuwa ameshasikia. Alikuwa analia waziwazi, mikono imejaa grisi, na hakujificha.

Miaka iliyofuata mama alitengeneza kila kitu cha pikapu ile isipokuwa bomba. Alibadilisha klachi, akashona viti upya, akaosha radieta. Watu walilalamika kwamba anaamsha watoto wachanga, naye akawajibu kuwa anayo ruhusa kutoka juu. Babu akisikia ngurumo aliingia kwenye mikakao yake, mzee mzima, na mwavuli wake. Nilipokuwa sekondari babu alifariki. Wiki moja baada ya matanga mama aliingia uvunguni mwa pikapu na bomba jipya, akalifunga, akanawa mikono, akaingia ndani kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Leo mimi ni mwalimu, naishi Mbugani, na gari langu limewazidi umri wanafunzi wangu. Wenzangu kazini wana magari mapya ya mikopo ambayo hawathubutu kuyafungua boneti. Huniuliza nitabadilisha lini. Sibadilishi. Langu likikohoa najua linaumwa wapi, na nikilipoza kwa mikono yangu nalala usingizi mnono. Siku hizi wakwe wanakula meza moja na wake za watoto wao na kupiga nao picha, nami sioni ubaya. Mwezi uliopita baba wa mume wangu alikuja kututembelea, akakaa kiti cha mbele, kando yangu, tukaelekea Kasumulu. Gari likazima njiani. Nilimsihi atulie, akakataa, akashuka, akakunja mikono ya shati na kulisukuma mpaka likawaka.

Nilikwenda Makwale kumsimulia mama, nikijua atanigombeza. Nilimkuta kwenye pikapu yake, nywele nyeupe, boneti wazi.

"Ulimtazama usoni?" aliniuliza.

"Kwenye kioo, mama. Alikuwa nyuma anasukuma."

Aliendelea kukaza plagi.

"Mimi babu yako nilimwona hivyohivyo, kwenye kioo," alisema. "Nikishapita, alitoka kwenye mikakao akasimama katikati ya barabara, akaitazama pikapu mpaka ikapotea. Kila safari. Alikuwa na uso mzuri."

"Miaka yote hiyo, mama?"

"Yote," alisema, akafunga boneti kwa nguvu. "Ukoo ungejua, gari lingeuzwa siku hiyohiyo."