Wembe Kwenye Zeze la Yosamu

Mbambu wa Bwesumbu alikuwa mtu wa hasira tangu usichana wake, na hakuwahi kuiombea radhi. Aliwakasirikia kima walioiba mahindi, akamkasirikia katekista aliyefupisha sala, na mwaka 1971 alimkasirikia mwalimu Célestin kabla hata hajamkaribisha kiti.

Célestin alikuwa mkimbizi kutoka Butembo, Kongo, mwalimu wa muziki parokiani Bwera, upande wa Uganda. Alipiga gitaa kwa kusoma nota, tena si nyimbo za dansi. Alitunga muziki wa kisasa, wa kusikilizwa watu wameketi kimya, wenye vituo virefu katikati hata mtu akadhani umekwisha. Sasa alitaka utungo wake mmoja wa gitaa urekodiwe kwa enzenze, zeze la Wakonzo, na mpigaji aliyemtaka alikuwa Yosamu, mume wa Mbambu.

"Bwana yangu iko mugonjwa," Mbambu alimwambia. "Kifua imekwisha. Tafuta mwingine."

"Mama, mwingine hakuna."

Hapo alisema kweli. Enzenze ni ufito wenye nyuzi mbili na kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji hukiegemeza kibuyu kwenye kifua kitupu, akikibana na kukiachia, na sauti huzaliwa hapo, kati ya kibuyu na mbavu. Ukipiga umevaa shati unapata mlio wa nzi chupani. Kibuyu cha Yosamu kilikuwa kimekaa kifuani pake miaka thelathini, hata kikamwachia duara la ngozi ngumu ambalo Mbambu alilijua kwa vidole, gizani.

Alijua pia kwamba mumewe hatauona mwaka mwingine. Ndiyo maana alikubali, kwa sharti moja.

"Mashine yako ibebe yeye yote. Ata kukohoa. Usitoe kitu."

Célestin akaapa kwa Bikira Maria. Ahadi ni deni, lakini wako watu wanaoapa kama wanaopiga chafya.

Walirekodi asubuhi, katika ukumbi wa parokia. Fundi wa mashine, bwana mmoja wa mjini mwenye viatu vya kung'aa, alinuna tangu mwanzo. Yosamu alipiga vizuri ajabu. Lakini kila alipofika kwenye kituo, nyuzi zikinyamaza, kibuyu kiliendelea kusema: pumzi ikiingia, pumzi ikitoka, ikikwaruza.

"Mwambie mzee aache kupumua," fundi alisema.

Mbambu alikuwa mlangoni, ameshika shati la mumewe. "Anza wewe kuacha, tuone."

Yosamu peke yake ndiye aliyecheka. Akacheka hadi akakohoa, na mashine ikabeba na hilo.

Alikufa kabla kahawa haijaiva.

Mbambu aliingoja ile kanda miaka miwili. Siku Célestin alipopanda Bwesumbu na mashine yake begani, Mbambu alivaa kitenge cha Jumapili, akafunga mlango ili kuku wasipige kelele, akasogeza kiti mpaka goti lake likagusa meza. Nyuzi zikalia. Hicho ni kidole gumba chake, alisema moyoni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hasira ikamtoka. Kikaja kituo. Akainama, akatega sikio.

Hakusikia kitu. Kituo cha pili, vilevile.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Pumuzi."

Célestin akaeleza kwa fahari. Fundi alikata kila pumzi kwa wembe, akaunganisha kipande cha kanda tupu mahali pake. "Batu bangefikiri mashine iko mubovu. Sasa iko safi kabisa."

Safi! Wahenga wana methali juu ya kuchamba kwingi. Sitaimalizia hapa, ila fundi huyo ilimhusu.

"Na ile vipande mulikata?"

Célestin akaitazama kofia yake. "Ilianguka chini, mama. Balifagia." Kisha, bila haya, akaongeza kwamba ana utungo wa pili wa kurekodi, safari hii ataupiga mwenyewe, na alikuwa anaomba aazimwe lile zeze.

Mbambu aliizima mashine. Akaenda ukutani, akasimama mbele ya zeze lililotundikwa hapo, mgongo wake ukikifunika kibuyu.

"Mulifagia bwana yangu," alisema. "Sasa unataka na kifua yake?"