Foleni ya Kuku na Foleni ya Ndoo

Sauti ninayoikumbuka kwanza ni ya midomo ya kuku ikigonga sufuria bovu uani kwetu Kitangari, asubuhi, kabla jua halijapata makali. Kiangazi maji yalikuwa kitu cha kugawana kwa kikombe, na kuku walipewa yale yaliyokwisha kuosha vyombo. Hata hayo hawakuyanywa ovyo. Alianza kuku jike mweusi niliyemwita Bibi Mkubwa, akishiba akaja Kidoti, halafu wengine, mpaka yule mdogo mwenye shingo isiyo na manyoya, ambaye mara nyingi alikuta matope. Aliyeruka zamu alidonolewa kichwani, na hakuna aliyeshangaa. Nilikuwa na miaka kumi, na niliona ni haki tupu, maana katika foleni yetu sisi ndio tuliokuwa wa kwanza.

Foleni yetu ilikuwa ya ndoo, pale bombani, ambako maji yalitoka siku mbili kwa wiki na wiki nyingine hayakutoka kabisa. Baba alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika. Ndiye aliyepima korosho za kijiji kizima na kuamua zipi ni daraja la kwanza na zipi zimeoza. Haikuandikwa popote kwamba ndoo ya mke wa karani itangulie, lakini mama akifika wenzake walisogeza ndoo zao kwa mguu na kumwamkia, "Shikamoo, Mama Karani," hata wale wa umri wake. Naye aliitikia marahaba bila haya. Ndoo ya pili ilikuwa ya rafiki yake, Mama Zuhura, aliyemsuka nywele kila Ijumaa. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Hamisi, ambaye mumewe hakuwa na lolote ila baiskeli. Mimi mwenyewe niliwahi kuipiga teke ndoo ile ikaviringika, watoto wenzangu wakacheka, naye akaifuata, akairudisha mahali pake. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda kule kwetu na malori yao na mizani yao wenyewe, chama kikafunga ghala, na baba akawa mtu wa kukaa barazani na kalamu mfukoni. Mume wa Mama Hamisi, kwa baiskeli yake ileile, akawa wakala wa mnunuzi mmoja, akizunguka vijijini kukusanya korosho. Wakati huohuo bibi yangu aliugua, na mama akashuka naye Masasi, bibi akalazwa hospitali ya Mkomaindo. Mama alikaa huko wiki tatu akimuuguza, nami nikawa naenda bombani peke yangu. Wiki ya kwanza ndoo yetu iliwekwa ya tatu, nikadhani ni kwa sababu mimi ni mtoto. Wiki ya pili ikawa katikati. Wiki ya tatu ilikuwa ya mwisho, na ya kwanza ilikuwa ya Mama Hamisi. Aliye juu mngoje chini, na mama yule alikuwa amengoja sana. Sikumwambia mtu, hata baba.

Siku hizohizo Bibi Mkubwa aliumia mguu, nikamfunika kwa tenga jikoni karibu wiki mbili. Alipopona nikamwachia uani. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria, kifua mbele, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Aliyemrukia wa kwanza hakuwa yule wa mwisho, kama nilivyotarajia. Alikuwa Kidoti, aliyezoea kuoga naye vumbi. Alimdonoa mpaka kilemba kikatoka damu, na wengine wakafuata. Watu husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu hakuwa mgeni, alianguliwa katika ua uleule. Nilijua mama anarudi Jumanne, na Jumatano ilikuwa siku ya maji.

Mama alirudi amekonda, lakini bibi alikuwa amepona. Nilikuwa na jioni nzima ya kumwambia. Nilimpikia uji, nikamkanda miguu, na kila nilipofungua mdomo nilijikuta namwuliza habari za mjini. Niliona kama nikiitamka aibu ile ndipo itakuwa kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami niliyaficha yetu mpaka asubuhi.

Asubuhi alijifunga khanga nzuri, akachukua ndoo, akatangulia. Nilimfuata hatua kumi nyuma nikimwomba Mungu bomba lisitoe maji siku ile. Lilitoa. Mama alipita mstari mzima akisalimia, akaiweka ndoo yake mbele kabisa. Mama Hamisi alimtazama tu. Aliyeinama na kuinyanyua ndoo ya mama alikuwa Mama Zuhura.

"Mama Somoe," alisema, akimwita kwa jina langu na kuliacha lile la Karani kwa mara ya kwanza, "pole na kuuguza. Lakini foleni inaanzia kule nyuma."

"Nyuma wapi, mwenzangu?"

"Kule anakowekaga mwanao."

Akaibeba mwenyewe hadi mwisho, akaitua taratibu karibu na miguu yangu. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mama alikuja akasimama nyuma ya wanawake wote, jua likapanda, na maji yakakatika wakiwa wamebaki wanne mbele yetu. Tulirudi na ndoo tupu. Njiani ndipo aliponiuliza, bila kunigeukia:

"Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia, mwanangu, ningekwenda nyuma mwenyewe."

Siku hizi naishi Masasi mjini, nafundisha, na maji yanafika mpaka jikoni kwangu. Napenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba zama zile zimepita, kwamba sasa hakuna ndoo ya mkubwa. Lakini mwaka jana mwalimu wetu mkuu alikwenda likizo ya ugonjwa, na kabla hajarudi ikaja barua ya kumpa mwingine nafasi yake. Yeye hakuwa amepata habari. Walimu wote tulijua. Ndiye aliyenipokea nilipoanza kazi, akanitafutia na chumba cha kupanga, na namba yake ya simu ninayo. Asubuhi aliyorudi nilimwona dirishani akivuka uwanja wa shule, amevaa gauni lake la kitenge, ufunguo wa ofisi mkononi, watoto wakimwamkia. Muda wa kumkimbilia ulikuwepo, tena wa kutosha. Nikavuta daftari jingine, nikaendelea kusahihisha.