Mariamu Alipoulizia Jumbe Zake

Sitaki unihurumie, nataka uniamini tu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Garsen, tena jua likiwaka.

Nina kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Humo niliweka seva yangu ya kutumiana jumbe, kompyuta ndogo tu inayotumia sola, ili tuandikiane na jamaa zangu. Nikaiunganisha na seva za nje kwa sababu ya mke wangu, Mariamu. Alikuwa Uarabuni, kazi za ndani. Tajiri wake alimnyang'anya simu, kwa hiyo kila Ijumaa aliazima ya mwenzake akaniandikia kupitia seva ya huko.

Basi Alhamisi moja, jumbe chafu zikaanza kumiminika kutoka seva hiyohiyo. Matangazo, picha za aibu. Shangazi yangu akanipigia kelele. Kwa hasira nikaifungia seva ile yote, nikajiambia kesho asubuhi nitaifungua. Nikasahau. Hebu fikiria, nilisahau!

Jumapili baada ya alasiri, nimeinamia simu ya mteja, nikasikia, "Hodi, Baba Rehema."

Nikainua kichwa. Mariamu! Amesimama mlangoni na buibui lake la safari, hana hata mkoba. Abdi, jirani yangu muuza nguo, alimwona pia, akampungia mkono. Muulize.

"Umekuja lini? Mbona hukuniambia?"

"Nimekuandikia," akasema polepole. "Ijumaa nzima nimekuandikia. Mbona hukunijibu?"

Wallahi, hapo ndipo nilipokumbuka. Nikageukia kompyuta niifungue ile seva. Nilichukua muda gani? Dakika haikufika. Kutazama tena, hayupo. Nilikimbia barabarani, nikauliza kwenye mabasi, nikawauliza wanaopakia mbuzi. Hakuna aliyemwona akipita.

Magharibi yule mwenzake alinipigia, analia. Mariamu aliugua Ijumaa asubuhi, tajiri akakataa kumpeleka hospitali. Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi. Wakamzika hukohuko.

Seva yangu ilihifadhi saa tu: saa ambazo seva ya huko ilijaribu kuniletea jumbe zake, nayo ikazikataa. Maneno yenyewe hayamo. Na kwenye simu ya mwenzake, Mariamu alikuwa akifuta kila alichoandika, kwa kumwogopa tajiri.

Binti yetu Rehema ana miaka minane, analelewa na bibi yake kijijini Hewani. Kila nilipokwenda alikuwa akiniuliza, "Baba, mama aliandika nini?" Mwanzoni nilimtungia maneno. Siku moja yakanishinda, nikalia mbele yake. Tangu hapo haniulizi, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Kwa hivyo nawe unayeendesha seva, nisikilize. Mzuie yule mmoja aliyekuudhi, wengine waache wapite. Usimfungie mlango mtu ambaye hana njia nyingine ya kukufikia. Huenda siku hiyo ndiyo anakuomba umwokoe.