Biskuti za Meno za Komando

Kang'ethe, mwenye duka la vipuri vya magari pale Kambu, alijivunia hata mbwa wake. Mwaka 1988 alileta kutoka Nairobi biskuti ngumu za kusafisha meno ya mbwa, akazipanga kwenye kaunta ili wateja waulize.

"Mbwa wenu wanatafuna takataka," alituambia. "Komando wangu anapigwa mswaki na chakula chake."

Uongo mtupu. Komando alizimeza nzima nzima bila kutafuna, na mdomo wake ulinuka kama panya aliyefia darini.

"Baba Wanjiro, fizi zinatoka damu," mkewe Kagure alimsihi. "Mwite daktari wa mifugo."

"Hiyo damu ni biskuti inafanya kazi," akajibu yule mpumbavu.

Mbwa alipoacha kula, Kagure mwenyewe alimwita daktari, ambaye aling'oa meno kadhaa yaliyooza. Alisema biskuti humsaidia mbwa anayezitafuna, lakini haziponyi fizi zilizooza.

Tangu hapo Kagure alimsugua Komando meno kila jioni kwa kitambaa chenye maji. Kang'ethe alisimama mlangoni, akiwaambia wapita njia kwamba mbinu hiyo ameivumbua yeye.