Makofi ya Cullen's Ford

Watu mia sita walinipigia makofi Jumamosi ile. Mpaka leo nikikumbuka, natamani wangenizomea.

Naitwa Talia. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, shahada mpya mkononi, na kazi ya kupanga sherehe katika halmashauri ya Cullen's Ford, ndani kabisa ya Australia. Mimi ni Mwaborijini, wale wenyeji wa asili wa Australia, ila kwetu ni pwani, mwendo wa saa tisa kwa gari.

Hapo mjini, mwenye nchi ni Shangazi Noreen; Shangazi ni jina la heshima tu, si ndugu yangu. Ndiye aliyenipa chumba nyumbani kwake nilipofika. Na kukiwa na hadhara, ndiye anayewasha majani ya mkalitusi na kuwakaribisha watu kwenye ardhi ya mababu zake.

Mwaka ule nusu ya mji ilitaka ukaribisho ufutwe. Shangazi akasema fainali ya mpira haendi.

"Watanizomea, mwanangu."

"Wakikusikia watabadilika, Shangazi." Niliamini hivyo, kabisa.

"Haya. Ila ukinipeleka, usiniache peke yangu."

Akaja na goti lake bovu na fimbo. Moshi ulipoanza tu kupanda, Des Hanrahan, muuza matrekta na diwani, akasimama na bia yake.

"Bibi, mimi nimezaliwa hapa. Unanikaribishaje kwangu?"

Watu wakacheka. Kisha uwanja mzima ukazomea.

Shangazi akanyamaza sentensi ikiwa nusu. Akamwagia majani maji, moshi ukafa, akaanza kuchechemea kuelekea getini.

Nilitaka kumfuata. Meya Lorraine akanishika mkono.

"Televisheni ipo hapa. Malizia wewe. Si na wewe ni Mwaborijini?" Akanipa karatasi yenye maneno ya ukaribisho.

Kwetu sote, pwani na bara, hili halina mjadala. Ukiwa ugenini unaweza kuwataja wenye nchi kwa heshima. Kukaribisha watu kwa niaba yao, hapana. Nilijua. Lakini nikawaza, nikinyamaza Des ameshinda.

Nikasoma. Sauti laini, tabasamu. Wakapiga makofi. Hata Des.

Nikakimbia kwa Shangazi na habari njema.

"Umewakaribisha kwenye nchi ya nani?" akaniuliza.

"Nilikuwa nakutetea."

"Des amenitukana tu. Wewe umenivua nguo." Akasukuma begi langu mlangoni kwa fimbo. "Nenda."

Jumatatu nikakuta barua ya halmashauri mezani kwangu kazini. Ukaribisho hautafutwa. Nitaufanya mimi, kila mwaka, na Shangazi Noreen asisumbuliwe tena.

Aliyetoa hoja ni Des. Sababu yake iliandikwa: "Huyu binti hana shida."

Kikao kilichofuata nikasimama. Nikawaambia sina haki hiyo, mimi ni mgeni, mwenyewe ni Shangazi.

"Nyie wenyewe hamjui mnachotaka," Des akasema. Wakapiga kura dakika mbili. Ukaribisho ukafutwa. Nikaacha kazi.

Bado nina imani na watu, msinielewe vibaya. Ila kumtetea mtu si kuchukua nafasi yake na kuongea vizuri kuliko yeye. Hilo chuoni sikufundishwa.

Jana nilirudi kwa Shangazi. Zamani nilikuwa naingia tu. Jana nikabisha.

"Nani?"

"Mgeni. Natoka pwani. Naomba kuingia kwenye nchi yako."

Nikasikia fimbo ikija taratibu, ikasimama nyuma ya mlango.

"Basi subiri ukaribishwe."

Nikakaa kwenye ngazi. Nikasubiri.