Dizeli ya Uvunguni

Kwa miaka mingi, mtu wa kusini akifia Mbagala, jina lililofuata kutajwa msibani baada ya la marehemu lilikuwa la Adelard. Alikuwa na Haisi nyeupe iliyong'olewa viti vya nyuma, na kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu kwao, Songea, Mbinga, Tunduru, popote penye kaburi la babu. Muziki hakuweka. Kila alipofika mahali panapojulikana alipunguza mwendo akamwambia aliyelala kwenye jeneza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hapa Mikumi," au, "Mzee, Njombe hiyo, baridi, jifunike." Vijana walimcheka. Wafiwa hawakumcheka hata siku moja.

Mtoto wake wa pekee, Editha, alimpeleka mwenyewe, malaria ilipomchukua akiwa bado mdogo. Siku ile, wakiwa hapo hapo makaburini Mbinga, mkewe Demetria alimwapisha: na mimi utanileta hapa, usinitupe Dar ambako watu wanazikwa juu ya watu. Akaapa. Wakati huo mafuta ulikuwa unasimama tu kituoni unasema jaza.

Kisha yakaanza kuadimika. Redio ilisema visima vya ughaibuni vinakauka na wenye nguvu wanagombania kilichobaki. Mbagala walichokiona ni meli kupungua bandarini, vituo kufungwa minyororo, na nyanya kuozea Iringa huku mjini zikiuzwa moja moja kama mayai. Waliozoea kuipigia honi mikokoteni sasa walitembea nyuma yake, viatu mkononi, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuwacheka. Watu wakaanza kuzika hapa hapa. Adelard alikataa safari moja baada ya nyingine, na kila lita aliyoipata akaificha kwenye madumu ya njano uvunguni mwa kitanda, maana stoo ingevunjwa.

Demetria alikuwa ameshaanza kuugua figo. Kila wiki alitakiwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na kutoka Mbagala hadi huko si mchezo. Mwanzoni walipata bajaji. Bajaji zilipokwisha walimkodi Anwar, jirani yao mwenye mkokoteni wa maji, akamtandikia godoro. Walitoka alfajiri, jua likawakuta njiani, na Demetria alirudi amechoka kuliko alivyokwenda, akalala juu ya yale madumu, chumba kizima kikinuka dizeli. Alijua yapo na alijua ni ya nini. Mwanzoni hata alitania. "Mie ndo tajiri pekee Mbagala anayelalia mali yake," alisema.

Halafu mvua zikaja. Vichochoro vikawa matope, mkokoteni ukakwama, wakarudi bila kufika. Kesho yake wakakwama tena. Asubuhi ya tatu Demetria, uso umemvimba, alikaa ukingoni mwa kitanda akasema taratibu, "Baba Editha, leo twende na gari."

Adelard alikuwa amepiga magoti akimvisha viatu. "Mama Editha, yale ni ya safari. Tukiyagusa hatuyapati tena."

"Najua ni ya safari."

"Anwar kasema leo tutapita njia ya juu. Tutafika tu."

Demetria alimtazama, kisha akanyoosha mguu wa pili uvishwe. Hakuomba tena. Na jamani, mwanamume huyu alimpenda mkewe, alimpenda hivyo hivyo, magoti yake sakafuni, akimfuta matope ya jana vidoleni. Ila alikuwa amezoea mno kuwatunza watu wakishakufa.

Hawakufika. Demetria alikata roho juu ya mkokoteni, karibu na Mtoni, Anwar akiwa bado anasukuma bila kujua. Adelard alimpigia simu Marietha, dada mkubwa wa marehemu, kule Mbinga.

"Usafiri, shemeji," alisema. "Usafiri ndio umemuua."

Marietha alilia, kisha akasema basi mzikeni huko huko, tutafanyaje.

"Hapana. Namleta."

Akayavuta madumu uvunguni, akayamimina yote kwenye gari. Barabara kuu ilikuwa tupu, malori yametelekezwa pembeni na majani yameota kwenye magurudumu. Mikumi alipunguza mwendo kama kawaida yake, akafungua mdomo, neno likagoma kutoka. Iringa, Njombe na Songea alipita kimya, machozi yakimtiririka, akiona aibu kumtajia mkewe njia.

Mbinga walimpokea kwa vilio na kwa heshima, kwani ilikuwa imepita miezi bila mtu kuletwa. Demetria alilazwa ubavuni mwa mwanawe, kama alivyotaka, na wazee wakasema hadharani kwamba huyu ndiye mkwe. Baada ya mazishi Marietha alimshika mkono kumpeleka kwenye chakula.

"Shemeji, umetuheshimisha," alisema. "Mafuta yote hayo umeyapata wapi zama hizi?"

"Nilikuwa nayo ndani."

"Tangu lini?"

Angeweza kudanganya, lakini nguvu za kudanganya hakuwa nazo. "Tangu kabla hajaanza kupanda mkokoteni."

Marietha akasimama. Taratibu akauachia mkono wake, akarudi kukaa kaburini kwa mdogo wake, na Adelard akabaki pale njiani, nguo zake zikinuka dizeli.