Mstari wa Namba Kumi na Saba

Kabla ya kuajiriwa kutunza stoo ya maabara hapa Nyeri, niliuza mitumba Karatina, na mitumba ilinifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, ya pili kwa ajili ya Mungu. Ndiyo sababu walinikabidhi kichupa cha kingamwili. Kilikuja ndani ya barafu, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kwa bei ya ng'ombe wa maziwa kule Mukurweini, na ng'ombe huyu wa kichupa hata mkia hakuwa nao. Nilijaribu kuomba punguzo. Muuzaji alicheka kwa heshima.

Daktari wetu wa utafiti, kijana mpole, alinieleza kazi yake. Virusi vikiingia mwilini, seli hutengeneza kimeng'enya cha kupigana navyo. Kingamwili hii hunata kwenye kimeng'enya hicho cha binadamu, haisumbuki na kingine. Ukiipitisha juu ya utando mweupe wenye damu iliyoandaliwa, kisha ukatia rangi, mgonjwa wa virusi huonyesha mstari wa kahawia uliokolea. Asiyeumwa huonyesha kivuli tu.

Alitaka damu ya wenye homa, na ya wasioumwa ili alinganishe. Wafanyakazi tukajitolea. Mimi ndiye niliyebandika namba na kufungia orodha ya majina kwenye droo, ili yeye asijue ipi ni ya nani.

Wiki hiyo binti yangu alikuwa hospitalini na mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto mdogo hivyo habebwi mgongoni. Hulazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, saa zote, ajipatie joto la mwili wa mtu. Binti alikuwa na kidonda cha upasuaji na alikuwa amechoka. Tulikubaliana kwamba Jumamosi ningeingia mimi nimbebe mjukuu wangu, yeye alale.

Ijumaa asubuhi ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Niliitwa nishike saa wakati utando uko kwenye trei ya rangi. Mistari ya wenye homa ilitokea kwanza, polepole, kama watu wanaokuja kwenye ukungu bila kusalimia. Upande wa wasioumwa ulibaki mweupe. Kisha ya kumi na saba ikaanza kukolea.

"Huyu si tulimweka upande wa wasioumwa?" daktari akauliza. "Mum, hebu angalia kama ulibadilisha namba."

Sikuhitaji droo. Kumi na saba ilikuwa mimi.

Nilijigusa paji la uso. Baridi. Sikuwa na kikohozi wala kamasi, na asubuhi nilikuwa nimemaliza sahani nzima ya githeri ya jana. Maisha yangu yote sijawahi kutamani kuwa mzembe kama dakika ile. Nilipitia vichupa vya damu mara mbili. Kwa bahati mbaya vilikuwa sawa.

Nikaanza kupatana naye, kama nilivyozoea. Nikamwambia arudie. Akarudia, ikatoka vile vile. Nikaomba ya tatu, na hapo ndipo nikamweleza habari za mtoto.

Akaketi. "Hii haisemi ni kirusi gani, mum. Wala haisemi utaugua. Inasema tu mwili umeona mtu mlangoni."

Nilienda nyumbani kwa miguu, nikiwapisha watu mbali. Nilijisikia mzima kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Ningekuwa na homa ningejua adui amelala upande gani. Nilipopika chai nilikuta nimetoa vikombe viwili. Naishi peke yangu.

Nikampigia binti yangu simu, nikamweleza habari ya mstari na kwamba kesho sitakuja.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa mami, unaogopa nini?"

"Najiogopa."

Akasema ati yeye ako na siku tisa hajalala, na mimi nakataa kuja juu ya doa. Akakata. Sikumlaumu.

Muuguzi wa wodi aliniambia nisikanyage ndani. Jumamosi nikasimama nje ya dirisha. Binti alikuwa amelala, mdomo wazi. Mjukuu wangu alikuwa kifuani mwa jirani yao wa kitanda, mke wa polisi, mtu wa Busia, ambaye mtoto wake alikuwa ameshatoka hatarini na amelala kando. Aliniona akanipungia mkono. Nilirudi nyuma, kana kwamba kioo hakitoshi.

Sikuugua. Wiki mbili, hata chafya moja sikupiga. Daktari alisema huenda vita vilipiganwa vikaisha bila mwenye shamba kuambiwa. Akachukua damu tena, na mstari ulikuwa umefifia. Alitabasamu. Mimi sikuweza. Kitu kilikuwa kimeingia, kikakaa, kikaondoka, na sikujua kilitokea mlango upi, wala kilikwenda kwa nani.

Siku niliyoruhusiwa nilinawa hadi viwiko, nikafungua vifungo, wakamlaza kifuani kwangu. Akakunja uso, akalia kwa sauti nyembamba, akigeuza kichwa huku na huku. Mke wa polisi, aliyekuwa amembeba siku zote hizo na sasa akikunja nguo zake tayari kwenda nyumbani, akamsemesha maneno machache ya lugha ya kwao. Mtoto akatulia juu ya kifua changu, sikio lake limeelekea upande wa sauti ile.